Anza na Chungu: Namna ya Kukagua na Kuorodhesha Vyombo vya Nyumba ya Kale

Ukizunguka magofu ya Gedi, karibu na Watamu, utaona nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma. James Kirkman alichimba pale kuanzia 1948 hadi 1958, na majina hayo yamebaki. Nyumba ya Chungu sijaiona. Lakini katika kila ndoo ya udongo niliyochekecha kwenye magofu ya pwani hii, vigae vya vyungu vya kupikia vimekuwa vingi kuliko vitu vingine vyote. Nyanya yangu alikuwa mfinyanzi, nami kazi yangu huianza na chungu.

Kwanza, usiokote kitu gofuni ukakipeleka nyumbani. Kuchimba kunahitaji kibali cha serikali, na kigae kilichotolewa mahali pake bila kuandikwa kimepoteza nusu ya habari zake. Kila mfuko uwe na lebo mbili, moja ndani na moja nje: jina la eneo, mtaro wa uchimbaji, tabaka la udongo, tarehe, na herufi za jina la aliyeandika. Andika kwa penseli. Katika uchimbaji mmoja tulifungua mifuko kumi na mmoja tukakuta wino umeyeyuka kwa unyevu wa masika. Vigae vilikuwa vizima, lakini havikuwa na kwao tena. Siku ile inaniuma hadi leo.

Kuosha: beseni la maji baridi, mswaki laini, mkono mwepesi. Vitu vya pwani vimenyonya chumvi, kwa hiyo suuza kwa maji matamu mara mbili tatu, kisha uvianike kivulini juu ya wavu, kila fungu na lebo yake. Chuma na shaba havioshwi. Vipangusie vumbi kwa brashi kavu. Kioo kilichozikwa hubambuka magamba yenye rangi za upinde wa mvua, basi usikisugue. Na kigae chenye masizi au ukoko ndani kiache kama kilivyo.

Sasa shika kigae. Ni sehemu gani ya chungu: mdomo, shingo, bega, tumbo au tako? Kipande cha mdomo kina mengi ya kusema. Kilaze kifudifudi mezani, ukiinamishe pole pole mpaka mwanga usipite chini yake. Hapo umepata pembe yake halisi. Kisogeze juu ya karatasi iliyochorwa miduara, moja ndani ya nyingine, hadi kilingane na mmoja. Umepata kipenyo cha chungu kizima, na unaweza kukadiria ni asilimia ngapi ya mdomo uliyonayo mkononi.

Kisha tazama palipovunjika. Katikati pakiwa peusi na kingo nyekundu, moto haukumaliza kazi yake, kama ilivyo kwa vyungu vinavyochomwa wazi kwa kuni na makuti. Tafuta chembe za mchanga au kombe zilizochanganywa na udongo. Pitisha kidole ndani ya shingo, kwa maana mara nyingi utakuta mfinyanzi ameacha alama ya kidole chake. Mimi huipima na kuiandika. Masizi upande wa nje wa tako yanaonyesha chungu kilikaa mafigani. Mtungi wa maji kwa kawaida hauna.

Vyombo vya ng'ambo vina dalili zake. Kaure ya Kichina ni nyeupe na ngumu hata pavunjikapo, na mng'aro wake umeshikamana na mwili. Vyombo vingi vya Uajemi vina mwili laini wa rangi ya manjano hafifu, na mng'aro wake wa buluu-kijani hubambuka. Shanga zichekeche kwa wavu wa milimita 2, kisha utumie lenzi: mistari ikifuata tundu, kioo kilivutwa kama uzi kikakatwa; ikilizunguka, kilizungushwa kwenye kijiti cha chuma.

Katika daftari, andika unachokiona kabla ya unachokidhani. Kwa mfano (mtaro wa 3, tabaka la 4, kigae cha 17): “M3/T4/17. Kigae cha mdomo, udongo mwekundu, kipenyo sm 22, asilimia 9, unene mm 7, masizi nje, mistari ya kukwaruza begani.” Kigae kilichochongwa duara na kutobolewa katikati kiandike hivyo hivyo. Kwamba kilisokotea uzi wa pamba, hilo liende safu ya matumizi, ambayo hujazwa mwisho. Namba iandikwe kwa herufi ndogo upande wa ndani, juu ya tabaka jembamba la vanishi angavu iitwayo Paraloid B-72, isiguse pambo wala palipovunjika. Piga picha pamoja na kipimo.

Wako wanaohesabu vigae vya tumbo visivyo na pambo kisha wakavimwaga. Usikubali. Vihesabu, vipime uzito, uvifunge kwa tabaka lake. Vile vyenye masizi mimi huvitia kando, kwenye karatasi ya foili badala ya plastiki, bila kuvigusa kwa mikono mitupu, kwa sababu maabara inaweza kutoa mafuta yaliyozama kwenye udongo na kutambua kama humo walipika samaki au nyama.