Hom thieta yako itoe 5.1 ya kweli

Wadau wa Mtwara, wengi mtaani wananunua hom thieta ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja ya besi, wanachomeka zile waya nyekundu na nyeupe halafu spika za nyuma zinatoa kitu kilekile cha mbele, maana zile waya zinabeba chaneli 2 tu, yaani sauti ya kushoto na ya kulia. Chukua HDMI, chomeka kwenye tundu la tivii lililoandikwa ARC (linatoa sauti ya tivii kwenda hom thieta), na kwenye hom thieta hivyohivyo, afu ingia setingi za sauti toa PCM (tivii inaifungua sauti yenyewe) weka Auto au Bitstream (sauti inapita kama ilivyo), kwasababu kwenye PCM tivii nyingi zinashusha filamu kuwa stirio hata kama ina Dolby Digital 5.1, yaani sauti iliyobanwa ya spika zote. Kama hakuna ARC, waya wa optiko (unaopitisha sauti kwa mwanga) unapitisha Dolby Digital na DTS ya kawaida, mfumo mwingine kama huo, ila TrueHD, ile Dolby nzito ya Blu-ray, haipiti, hiyo inataka eARC, yaani ARC mpya yenye uwezo zaidi. Faili la flashi likicheza bila sauti mara nyingi ni DTS na tivii haiisomi, chomeka flashi kwenye hom thieta yenyewe kama inasoma video.

Spika ya kati iwe chini ya tivii, hapo nasisitiza sana, ndo inabeba maongezi. Za nyuma ziwe pembeni, nyuma kidogo ya kochi. Na wa Shangani, mtaa wetu wa ufukweni, chumvi ya bahari inakula ncha za waya, zima umeme uzisafishe mara kwa mara.