Kutembea peke yako nyanda za juu za Magharibi mwa Kenya: panga kwa saa, si kwa kilomita

Anayetembea peke yake kutoka miinuko ya Nakuru hadi milima ya Cherangani hashindwi na umbali, hushindwa na saa. Ikifika saa moja na nusu usiku tayari ni giza, mwaka mzima. Kabla ya hapo kuna mvua ya radi: joto la mchana hupandisha unyevu wa Ziwa Victoria, na pande za Nandi, Kericho na Kakamega mawingu hayo hupasuka alasiri. Kwa hiyo lenga kuwa umefika unakolala ifikapo saa nane mchana.

Hesabu yenyewe ni ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, tangu 1892. Weka saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Njia ya kilomita 20 yenye mita 900 za kupanda inakuwa saa nne na saa moja u nusu, jumla tano na nusu. Naismith hakuhesabu utelezi wa udongo mwekundu, wala salamu za njiani, ambazo huku huwezi kuzikwepa bila kuonekana mtu wa ajabu. Ongeza robo: karibu saa saba za kutembea. Ukiondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unafika saa saba na nusu mchana. Na ikiwa saa nne asubuhi hujafika nusu ya njia, geuza, au shuka barabarani ukapande matatu.

Jaribu hesabu hiyo kwanza Menengai, kreta (shimo kubwa la volkano) iliyo juu ya mji wa Nakuru. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha ukingo wa kreta ni mita 2,278. Panda na mzigo wako wote, ukiangalia saa. Utajua kama mwendo wako ni wa Naismith au wa konokono. Kaa ukingoni. Sakafu ya kreta ni mawe ya lava yenye makali na vichaka vinavyofanana kila upande, haina maji ya kunywa, na njia hupotea ghafla. Si mahali pa mtu mmoja.

Mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wako. Mwenye kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12. Vitu vizito vikae juu, vikigusa mgongo. Acha jinzi na sweta la pamba nyumbani, kwa sababu pamba ikilowa hukaa imelowa na kukunyang'anya joto, na kila mita 1,000 unazopanda hupunguza nyuzi sita hivi. Sweta la sufu au la polista utalipata mitumba ya Kibuye, Kisumu, bila kumaliza akiba yako.

Miguu ndiyo hukatisha safari nyingi. Lengelenge halianzi kwa kidonda, huanza kwa joto dogo kisiginoni. Simama papo hapo, kausha, bandika plasta pana, badilisha soksi. Ukisema "nitaangalia mbele", kilomita mbili baadaye ngozi imeshatoka. Kabla ya kuteremka mteremko wa Nandi kuelekea tambarare za Kano, kaza kamba za kiatu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, na kucha uwe umezikata siku mbili kabla.

Beba lita 2 za maji na dawa ya klorini. Baada ya kuitia, subiri nusu saa. Vihiga na Kakamega zina chemchemi nyingi zilizojengewa zenye bomba, teka hapo. Usiteke kwenye mifereji inayotoka mashamba ya chai: dawa za magugu hazitoki kwa kuchemsha wala kwa klorini. Chakula kisiwe taabu: viazi vitamu vya kuchemsha, njugu karanga, mayai na chumvi kidogo.

Kuuliza njia ni ufundi. Ukiuliza, "Hii inaenda Kapsabet?" utajibiwa ndiyo, kwa heshima tu. Uliza, "Kapsabet naendea wapi?" na uulize watu wawili. Mtu wa bodaboda anajua panapopita pikipiki. Vijia vya mguu anavijua mchunga ng'ombe.

Ngurumo ikifuata umeme chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10: shuka kutoka kilimani na uepuke mti uliosimama peke yake. Mbwa wa boma akikujia, simama, inama kama unayeokota jiwe, usikimbie.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu ujumbe wenye njia, mahali pa kulala na saa. "Nitapiga nikifika" haitoshi, kwani hajui lini aanze kuhangaika. Andika: "Nisiposikika saa kumi na mbili jioni, piga 999 au 112, kisha kwa chifu wa huko." Simu izimwe mtandao njiani, maana kutafuta mtandao ndiko kunakomaliza betri. Panapo mtandao hafifu, ujumbe mfupi hupita pale simu inapokatika.

Cherangani utembee juu, na usiteremke Bonde la Kerio peke yako bila kuuliza kwanza polisi au chifu kuhusu usalama wa wiki hiyo. Elgon kuna ndovu na nyati; huko chukua askari wa wanyamapori.