Somo: Kuchagua na kubadilisha hosi za breki kwenye gari kuukuu

Haipiti wiki bila simu ile ile: fundi, breki zashika zenyewe, gurudumu lachemka, pedi ni mpya, nimeambiwa ninunue kalipa. Kabla hujatoa pesa ya kalipa, ile inayobana pedi, tazama hosi, yaani paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Nimeandika yote hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hii. Asinione nina kiburi.

Nasemea magari tuliyo nayo Mombasa: Corolla 100 na 110, Nissan B14 na ndugu zao. Kenya huruhusu gari liingie likiwa na umri wa hadi miaka 8, kwa hiyo hata lile lililoshuka bandarini Kilindini mwaka jana hosi zake si mpya. Unyevu na chumvi ya huku havimsubiri mtu.

Hosi huzeeka kwa ndani kabla ya nje. Mpira wa ndani huvimba au huchanika, na njia yenyewe ni nyembamba tangu mwanzo, milimita 3 na kidogo tu. Ukikanyaga, mguu una nguvu ya kupitisha mafuta. Ukiachia, hakuna wa kuyarudisha kwa nguvu ile, basi yanabaki kwenye kalipa na pedi zinaendelea kubana. Kwa nje hosi yaonekana nzima kabisa.

KUCHAGUA

Nenda dukani na hosi ya zamani mkononi, au angalau picha ya ncha zote mbili na urefu uliopimwa. Ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazifanani pembe ya kichwa. Nati za paipu za breki za magari ya Kijapani ni uzi wa milimita 10 kwa 1.0 (unene, kisha nafasi kati ya uzi na uzi), za Uingereza ya zamani ni inchi 3/8, nyuzi 24 kwa inchi. Zimekaribiana mno, moja huweza kuanza kuingia kwa nyenzake kisha ikauma. Nati ya breki yatakiwa iingie kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikigoma usiilazimishe, umepewa siyo.

Soma maandishi kwenye mpira: jina la kiwanda, tarehe ya kutengenezwa, herufi DOT kwa zinazofuata kanuni ya Marekani, na HR au HL, yaani hutanuka kawaida au hutanuka kidogo. Hosi isiyo na andiko lolote iache hata kama boksi lina jina kubwa. Za kung'olewa kwenye gari lililokatwa usizitaje mbele yangu. Nunua jozi, kushoto na kulia.

KAZI YENYEWE

1. Legeza nati za magurudumu, piga jeki, weka stendi. Tofali si stendi.

2. Sugua nati ya paipu ya chuma, pale inapoungana na hosi, kwa brashi ya waya, tia dawa ya kutu, ipe usiku mzima. Futa inayobaki, isifike kwenye mpira.

3. Kanyaga pedali kidogo, kama sentimita 4, uizuie hapo kwa fimbo iliyoegemea kiti. Mafuta ya breki ya kichupani, kile cha chini ya boneti, hayatamwagika yote. Taa za breki zitabaki zinawaka, kwa hiyo chomoa betri.

4. Fungua nati ya paipu kwanza, klipu ikiwa bado imeshika hosi. Tumia spana ya paipu namba 10, ile ya ringi yenye mwanya. Spana ya kawaida huila nati ikawa duara. Ukiona paipu ya chuma yazunguka pamoja na nati, simama. Zungusha tena na itakatika. Hapo ama upate moto na subira, ama ukubali kubadilisha paipu.

5. Toa klipu, kisha bolti ya banjo, ile yenye tundu inayofunga hosi kwenye kalipa. Kalipa isining'inie kwa hosi, ifunge kwa waya kwenye shoki.

6. Kufunga mpya. Hapa ndipo gari huharibiwa, na aliyeharibu huondoka akifikiri amemaliza. Anza upande wa kalipa. Washa za shaba ziwe mpya, moja kila upande wa kichwa cha banjo; za zamani zimeshabanwa, zitavuja. Kwenye Toyota nyingi kichwa hicho kina kipini kidogo kinachoingia kwenye tundu la kalipa. Watu hukiona kinasumbua wakakikata! Ndicho kinachozuia hosi isizunguke unapokaza. Kaza kiasi cha Nm 30 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha peleka hosi kwenye klipu ya shoki na bamba la bodi bila kuisokota. Nyingi zina mistari miwili ya rangi kwa urefu. Mstari ukienda kama kamba ya kisima, umesokota: fungua uanze tena. Shika kichwa cha hosi kwa spana moja, kaza nati kwa nyingine, Nm 15 zatosha. Halafu zungusha usukani mwisho kulia, mwisho kushoto, gurudumu likiwa linaning'inia na tena likiwa limebeba uzito, ukitazama kwa tochi. Niliwahi kuletewa gari lililokuwa likienda Mazeras kila siku, hosi imefutwa na tairi mpaka nyuzi nyeupe za ndani zaonekana. Gari likiwa limesimama wima haikugusa kitu. Iligusa kwenye kona tu.

7. Toa fimbo, jaza mafuta ya breki, blidi, yaani toa hewa kwenye mfumo. Anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile inayosukumwa na pedali. Kwa usukani wetu wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Kichupa kisikauke.

8. Kanyaga kwa nguvu zote dakika nzima, mwenzako akitazama kila kiungo. Kisha endesha polepole mahali wazi, si Makupa saa ya jioni.

MASWALI

Dereva wa Mtwapa: Fundi, sina mafuta ya breki hapa, naweza kutia ya pawa stearingi, yale ya usukani, kidogo nifike mjini?

Jibu: Hapana. Mpira wa breki huvimba ukigusa mafuta ya aina hiyo. Ukishatia, utabadilisha raba za mfumo mzima.

Dereva wa Mtwapa: Hata kidogo?

Jibu: Hata kidogo.

Kijana wa Jomvu: Mimi huibana hosi kwa plaisi mafuta yasimwagike. Miaka yote hakuna kitu.

Jibu: Hakuna kitu ulichokiona, yakhe. Kilichochanika kiko ndani. Hatua ya 3 umeiruka.

Bi Zulekha: Shikamoo fundi. Nitajuaje kama ni hosi na si kalipa? Sipendi kununua vitu viwili kwa kubahatisha.

Jibu: Marahaba, bibie, hilo ndilo swali. Inua gurudumu linaloshika, kanyaga breki, achia. Likiwa gumu kuzunguka, legeza nati ya paipu pale juu inapokutana na hosi. Likilegea, tatizo liko juu zaidi, labda masta silinda au pedali isiyorudi yote. Lisipolegea, ifunge, kisha fungua nipeli ya kalipa, kile kiskrubu cha kublidia. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, hosi ndiyo iliyoyafungia. Likibaki gumu hata nipeli ikiwa wazi, basi pistoni au pini za kalipa zimeshika kutu. Ukimaliza blidi tena, maana umefungua mfumo.

Bi Zulekha: Ahsante. Na mafuta ya breki ya DOT 3 na ya DOT 4, tofauti ni nini hasa?

Jibu: Kuchemka. DOT 3 mpya huvumilia angalau nyuzi joto 205, DOT 4 nyuzi joto 230. Yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140 na 155, na unyevu ndio huu tunaovuta sisi. Yakichemka pedali huzama, na ukiteremka Mazeras kuja Miritini hutaki ikutokee. Yachanganyika, lakini DOT 5 usiisogeze, ile ni silikoni.

Kijana wa Jomvu: Basi hosi za nyaya za stenlesi?

Jibu: Zilizo na alama ni nzuri. Ila zafunika mpira usiuone, na nyaya hukwangua kila zinachogusa. Corolla ya kwenda sokoni haizihitaji. Nawe, kwa kuwa umeuliza vizuri: ukiblidi gari kuukuu weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho. Ndani ya masta silinda, sehemu ambayo raba haifiki kila siku ina kutu, nayo huichana raba.

Abiria wa Feri: Mimi huvuka Likoni kila siku, maji ya bahari hurukia chini ya gari. Nipake grisi kwenye hosi?

Jibu: Grisi usipake mpira. Osha chini kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, nati za paipu hasa, kila wiki.

Dereva wa Mtwapa: Fundi nimetia.

Jibu: Usiwashe gari. Uko wapi?