Mafundi wa mikoba na shanga Arusha na Moshi: linda dizaini yako kabla hujaposti

Jamani mafundi wa ngozi wa Moshi na akina mama wa shanga hapo Arusha, kabla hujaposti Insta ule mkoba mpya subiri kwanza. Dizaini inasajiliwa ikiwa mpya, na ukishaianika hadharani upya wake unaanza kupotea. Marekani wanakupa mwaka mmoja tangu ulipoionyesha uwe umeshapeleka maombi, Ulaya nao miezi 12, ila China hawana huo msamaha isipokuwa kwa sababu chache sana.

Sasa kaa chini ujiulize kipya ni kipi hasa. Tuseme umeshona mkoba wa ngozi wa mstatili, kifuniko kina shanga, na unafungwa kwa shaba uliyoichonga umbo la ngao. Mkoba wa mstatili kila mtu anao. Nakshi za shanga kama ni zile za bibi zetu wa Kimaasai usijaribu kabisa kudai ni zako, si mpya na si haki, ni mali ya watu. Chako ni ile ngao. Kwa hiyo kwenye mchoro unaopeleka na maombi, ngao unaichora kwa mistari kamili halafu mkoba uliobaki unauchora kwa mistari ya kukatika-katika, kule Marekani maana yake hiyo sehemu huidai. Hapa ndo pana pesa, maana mtu akiichukua ngao yako akaibandika kwenye pochi ya duara bado umemshika, ila ukichora mkoba wote kwa mistari kamili anabadilisha umbo na mpini kidogo tu anakuponyoka.

Chora pande zote, mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini na moja ya kutoka kona inayoonyesha umbo zima, na zote zikubaliane. Hataza ya dizaini, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kuiga dizaini yako, inalinda muonekano tu, namna ngao inavyojifunga ni hataza ya aina nyingine. Mahakama Kuu ya Marekani iliweka kipimo cha kujua kama dizaini imeigwa tangu 1871 kwenye kesi ya mipini ya vijiko na uma: mnunuzi wa kawaida akitazama, atadanganyika adhani ni kile kile?

Kwa Afrika kuna ARIPO, shirika la nchi za Afrika la kusajili miliki ubunifu kama dizaini, ofisi yao iko Harare, ombi moja unachagua nchi wanachama unazotaka, Kenya na Uganda zimo. Ukishapeleka ombi la kwanza una miezi 6 ya kupeleka nchi nyingine ukahesabiwa tarehe ile ile ya mwanzo, usiiache ipite! Marekani ulinzi ni miaka 15 tangu hataza itolewe, Ulaya unahuisha kila miaka 5 mpaka 25. Jina na nembo yako sajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, hiyo unaihuisha bila kikomo, na ndo maana Hermès, kampuni ya Ufaransa ya mikoba ya kifahari, umbo la mkoba wao wa Birkin, ambao upo tangu 1984, wamelisajili Marekani kama alama ya biashara.

Na mzungu akija na oda kubwa akataka sampo, muandikishane kwanza kwamba dizaini ni yako na haruhusiwi kuisajili kwao, asaini, ndo umpe.