Imla ya Kiingereza: soma sentensi, usisome neno tupu

Walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi, mnaofundisha darasa la tatu na la nne: maneno kumi yanatosha kwa imla moja, na yawe yale ambayo watoto wameshayaona ubaoni wiki hiyo. Imla ya maneno mapya ni kuwakomoa tu.

Neno likisomwa peke yake, mtoto anaandika alichosikia. Wengi wetu huku r na l zinatuchanganya, basi ukisema rice, nusu ya darasa itaandika lice. Sema: We eat rice and fish. Maana ndiyo itakayomwongoza kwenye herufi. Soma mara ya kwanza kwa kasi ya kawaida huku kalamu zikiwa chini, kisha polepole waandike, halafu tena wajikague. Na tafadhali, usitamke k ya knife ili kuwasaidia. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, Kiingereza hakina adabu hiyo, na herufi bubu zinataka macho kuliko masikio.

Tumia vitu vya kwao: cashew, coconut, boat, salt, sea.

Kusahihisha ndiko penye kazi. Andika maneno ubaoni, kila mtoto akague daftari lake, apige mstari chini ya herufi iliyokosewa tu, kisha aandike neno zima upya bila kutazama. Yaliyowashinda wengi yarudishe Ijumaa, ndani ya sentensi nyingine.