Kanazawa kwa siku mbili: pa kulala, pa kutembea, pa kununua

Wageni wengi hufika Kanazawa, mji wa Japani, asubuhi na kuondoka jioni hiyohiyo. Wateja wangu huwa nawaambia walale usiku mbili. Utamu wa mji huu uko alfajiri na magharibi, na saa hizo mgeni wa siku moja yuko kwenye treni.

1. Kata tiketi mapema. Kutoka Tokyo, Kagayaki, mojawapo ya shinkansen (treni za mwendo kasi), huchukua kama saa mbili na nusu, na viti vyote ni vya kuhifadhi. Kutoka Kyoto, tangu Machi 2024, unapanda Thunderbird, treni ya haraka ya reli ya kawaida, hadi mji wa Tsuruga, hapo unahamia shinkansen.

2. Chagua malazi. Jirani na stesheni ni rahisi lakini hapana ladha. Mtaa wa Katamachi ni kwa wapenda baa. Mimi hupendekeza nyumba ya zamani ya mbao iliyogeuzwa kuwa nyumba ya wageni, karibu na Mto Asano. Ukilala ryokan, nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, chakula cha jioni kina saa yake, ukichelewa, umekikosa. Asiyekula nguruwe au asiyetumia pombe aseme siku ileile ya kuhifadhi chumba, maana mirin, pombe ya mchele ya kupikia, huingia kwenye michuzi mingi. Bafuni, keti kwenye kigoda ujisugue na kujisuuza kabisa, ndipo uingie bwawani. Maji yale ni ya wageni wote.

3. Bustani ya Kenroku-en, alfajiri. Kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba, kiingilio huanza kutozwa saa moja asubuhi. Kabla ya hapo unaingia bure, ila utoke kabla muda wa kulipia haujaanza. Nenda moja kwa moja kwenye bwawa la Kasumigaike, ilipo taa ya mawe yenye miguu miwili. Kuanzia Novemba 1 misonobari hufungwa kamba kutoka juu ya nguzo, kama miavuli, ili theluji isivunje matawi.

4. Soko la Omicho. Fika asubuhi, ule bakuli la wali lenye samaki wabichi. Ukinunua kibandani, kula papo hapo. Kutembea huku unatafuna hakupendezi. Baadhi ya maduka hufunga Jumatano.

5. Nagamachi. Mtaa wa samurai, wapiganaji wa zamani wa Japani, wenye kuta za udongo. Nusu saa inatosha.

6. Higashi Chaya na dhahabu. Mtaa huu wa nyumba za chai ulianzishwa 1820; ingia Shima, nyumba ya mwaka huohuo. Maduka mengi hufunga jioni mapema, kwa hiyo nunua kwanza, uzurure baadaye.

Karibu dhahabu yote ya karatasi inayotengenezwa Japani hutoka Kanazawa. Ni nyembamba kiasi kwamba fundi huishika kwa koleo la mianzi na kuinyoosha kwa kuipuliza. Aiskrimu iliyofunikwa dhahabu? Dhahabu haina ladha, pale unalipia picha. Afadhali ulipie karakana ubandike mwenyewe kwenye vijiti vya kulia: zawadi nyepesi, na haivunjiki. Vyombo vya Kutani, kauri ya eneo hili, ni habari nyingine. Vinavunjika, kwa hiyo usivitie kwenye begi la kupakia. Panda navyo ndegeni mkononi.

Na mwavuli uwe nao kila siku. Wenyeji husema bora usahau chakula cha mchana kuliko mwavuli.