Somo: Kulichambua neno "karma" la Kisanskriti

Swali la jinsi neno "karma" linavyoundwa na kuambishwa limekwisha kujibiwa mara nyingi, kwa hiyo atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

1. Mzizi ni kṛ, yaani "kutenda".

2. Kiambishi ni -man. Mzizi hugeuka kar-, nasi tunapata shina karman, "tendo, kazi".

3. Jinsia yake ni ya kati, tofauti na dharma, ambayo ni ya kiume.

4. Uambishaji, yaani jinsi mwisho wa neno unavyobadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kwa kuwa umoja wake ni karma, mwanafunzi hudhani kwamba shina linaishia kwa a, akaliambisha kama phala, "tunda". Hatari ni kwamba wingi, karmāṇi, unafanana na ule wa kundi la phala, hivyo kosa hujificha hadi ufikapo kwenye "kwa tendo", ambayo ni karmaṇā, wala si "karmeṇa", na "katika tendo", ambayo ni karmaṇi, wala si "karme". Tazameni Bhagavad Gītā, kitabu kitakatifu cha Wahindu, 2.47: karmaṇy evādhikāras te mā phaleṣu kadācana, "haki yako imo katika tendo tu, kamwe si katika matunda". Karmaṇi imekuwa karmaṇy kwa sababu inafuatwa na e. Katika kamusi, tafuteni karman.

Maswali

— Kwa hiyo karma ni adhabu ya Mungu kwa waovu?

Rudia hatua ya 2. Ni tendo, liwe jema au baya. Matokeo yake huitwa karmaphala, "tunda la tendo".

— Shikamoo mwalimu. Kwa nini n imepata nukta chini katika karmaṇā?

Marahaba, umeuliza jambo la msingi. Sauti r huivuta n inayoifuata hadi ulimi ukunjwe nyuma, hata zikitenganishwa na irabu au sauti za midomo kama m. Ndiyo maana tunasema pia brahmaṇā. Ikiingia t kati yao, mvuto hukatika: kīrtana hubaki na n ya kawaida.

— Je, wanasarufi wa kale walilitumia neno hili?

Naam. Pāṇini, katika kanuni 1.4.49, analifanya karman kuwa istilahi ya kile ambacho mtendaji anataka zaidi kukifikia kwa tendo lake, takriban kile tunachokiita yambwa. Ukikutana nalo katika vitabu vya sarufi, lisome kwa maana hiyo.